Leo Karimi amejibu swali la mama

Ndio, nimemuuliza. Wale mmekuwa mkinisukuma hapa, "Mwenda umeuliza ama bado unazunguka kama kuku anatafuta mahali pa kutaga," sasa mtulie. Nimeuliza leo. Na amejibu.

Ni Jumapili jioni. Kibirichia imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, mlima hatujauona hata kidogo. Nimekaa kwa stoo ya waru, viazi vyetu vya huku, nimeegemea magunia, mikono inanuka udongo. Kawaida nikiandika hapa nawachekesha kwanza. Leo mnivumilie, kicheko kikikuja kitajileta chenyewe.

Kwa yule mgeni ameingia leo, karibu, usisimame mlangoni. Mimi nanunua waru kwa wakulima hapa, napakia, natuma sokoni, mpaka Runyenjes kule Embu. Shule niliachia darasa la sita. Hatukugombana, tuliachana kwa amani. Mwenye kichwa kwetu alikuwa dadangu Kinya. Alienda Uingereza kutunza wazee wa wenyewe, akazaa msichana huko, Karimi. Halafu Kinya akashikwa na ugonjwa, akafa, akazikwa huko huko. Mazishi tuliangalia kwa simu, watu wa boma yote tumeinamia kioo kadogo, network inakatika mchungaji akiwa amefungua mdomo.

Mama hakulia siku hiyo. Aliuliza swali moja tu. Akauliza tena kesho yake. Amekuwa akiniuliza nikimletea maji, nikimtoa kanisani, hata nikiwa kwa lori nagombana na dereva.

"Kinya alikuwa na nani?"

Anamaanisha ile saa ya mwisho. Nani alikuwa kando yake. Kwetu mtu hafi hivi hivi kama kuku ameanguka nyuma ya boma. Kunakuwa na mtu amekaa hapo, amemshika, amemlowesha midomo na maji. Mama alitaka kujua kama mtoto wake alikufa peke yake. Na mtu mmoja tu duniani alikuwa na hiyo jibu, na huyo mtu ni Karimi, na Karimi hajui Kimeru, hajui Kiswahili. Anajua Kizungu peke yake.

(Majina nimebadilisha, juu hii ni mambo ya nyumba. Lakini kuna kitu moja sijabadilisha: mama yangu na huyo msichana wanaitwa jina moja. Mama pia ni Karimi. Shika hapo, tutaihitaji.)

Binamu zetu wenye Kizungu walijaribu. Walimpigia, akawaambia "I'm fine, thanks", wakamletea mama hiyo "fine" kama wamemletea kilo ya sukari. Nikamwambia mama tutafute Mwalimu Njeru, yule mstaafu kutoka Runyenjes ako na duka la vitabu hapa sokoni, Kizungu chake kimepigwa pasi. Mama akakataa.

"Mambo ya nyumba haibebwi na mgeni. Wewe ndio ndugu ya Kinya. Jifunze."

Ati jifunze. Kama vile ni kupanda mboga ya sukuma.

Nikaanza kwa kuharibu. Ngoja nieleze, juu hii makosa ni mtu wa kwetu tu anaweza kufanya. Huku mtoto akipewa jina la mtu, hapewi jina tu. Anakuwa huyo mtu. Hao wawili tunawaita ntagu. Karimi mdogo alipewa jina la mama yangu, kwa hivyo Karimi mdogo ni mama yangu. Kinya mwenyewe alikuwa akimwita mama tangu akiwa kwa nepi. Mimi nikiletewa picha yake ya shule nilikuwa natoa kofia. Hapa hakuna mtu anaweza kushangaa akiona mwanaume wa ndevu anaita mtoto mdogo "mama". Ni heshima. Ni mapenzi pia.

Basi nikapiga simu, nikasafisha koo, nikasema kwa furaha yangu yote na sauti yangu ya mnada: "Hello mother! How are you, my mother?"

Simu ikakatwa.

Hebu fikiria wewe. Umezika mama yako juzi. Mtu hujawahi kuona anapiga kutoka mbali, anacheka, anakuita mother.

Baadaye akatuma message. "Please don't call me that. I can't put up with it right now."

Nikakaa na hiyo message. "Put" najua. "Up" najua. "With" najua. Nilizijua zote kila moja kwake, kama majirani. Sasa zimesimama pamoja kwa mlango wangu na sizijui hata moja. Nikaona ananiambia niweke kitu juu. Na mimi, kwa vile ni mtu wa kusaidia, nikamjibu: "Put what?"

Hakunijibu hiyo.

Nikapelekea Mwalimu Njeru ile message tu, bila swali la mama. Akasoma, akatoa miwani, akaipanguza na shati.

"Mwenda, huyu mtoto anasema hawezi kuvumilia. Umemwita nini?"

Nikamwambia. Hakucheka, na Mwalimu ni mtu wa kucheka. Akasema, "Wewe umemgusa kidonda na mkono wa pilipili."

Mimi watu wananiita nikachekeshe kwa harusi. Sikuwa nimewahi kuumiza mtu kwa kumsalimia.

Mwalimu ndiye alinielezea. Akasema Kizungu cha kitabu hakitanisaidia na huyo msichana, juu watu wa huko wakiwa nyumbani, wakiwa na uchungu, wanaongea na haya maneno madogo madogo yamefungwa pamoja. Zinaitwa phrasal verbs. Jina kama la ugonjwa wa ng'ombe. Akanifungulia kitabu, akanieleza mpaka chai ikapoa, sikushika kitu.

Nilishikia hapa kwa stoo. Kuna siku vijana walikuwa wanapakia, wanajaza gunia, halafu wanashonea wavu juu waongeze nyingine, ile tunaita lumbesa. Serikali haitaki lumbesa, lakini iko. Nikaona. "Give" ni gunia, ni kupeana, kila mtu anajua. Weka "up" juu yake, inakuwa "give up", kukata tamaa. Hiyo kofia ndogo ya juu imebadilisha mzigo mzima. Na broker yeyote atakwambia, usiangalie gunia, angalia kofia.

Hapo nikaanza. Mimi kitabu kinanilaza, kwa hivyo nilichukua ile marker ya kuandikia magunia jina la mnunuzi, nikawa naandika moja moja kwa gunia. LOOK AFTER. GIVE UP. GET OVER. Nikishona mdomo wa gunia nasoma, nikiinua nasoma, lori ikiondoka nasoma kwa nyuma mpaka ipotee kona. Vijana wa kupakia wakaanza kuniita Give Up. "Give Up, leta kamba!" Nikaitika.

Halafu Mama Wanja akapiga simu kutoka Runyenjes. Huyo ni mteja wangu wa miaka, mama mkali, mzuri.

"Mwenda, huyu mkulima anaitwa Give Up ni wa wapi?"

"Hapana mama, hiyo ni masomo."

"Basi masomo yako imeoza chini. Lakini ya huyu mwingine, Get Over, ni safi. Uwe unaniletea ya Get Over."

Nilicheka mpaka nikakaa. Halafu nikakumbuka "get over" ni nini. Ni kupona na jambo, kulipita, kama mtu amevuka mto. Nikawaza, kumbe kuna mtu anaweza kuniagiza hiyo kwa simu, nijaze gunia, nitume.

Kuna moja ilinikalisha siku mzima. "Look after." Kutunza. Hiyo ndio ilikuwa kazi ya Kinya, kutunza watu. Nikamuuliza Mwalimu, mbona wanasema angalia nyuma? Akasema Kizungu hakiulizwi mbona. Lakini nikajijibu mwenyewe nikifunga turubai: mtu unamtunza, unatembea nyuma yake. Unaangalia mgongo wake asianguke. Na sasa Kinya alipokuwa anaanguka, ni nani alikuwa nyuma yake? Unaona vile swali la mama lilikuwa limeingia mpaka kwa gunia.

Nikamwandikia Karimi. Mwalimu alinisaidia spelling tu, hakujua naandika kwa nini.

"Sorry. I mess up. Here you have the name of my mother, so you are my mother. I did not laugh at you. I look up to you."

Yaani samahani, nimeharibu, huku uko na jina la mama, sikukucheka; na hiyo ya mwisho ni kuheshimu mtu. Nilikuwa nimeijua hiyo wiki na nilikuwa naitafutia mahali.

Message ilikaa bila jibu. Nikajua nimeharibu tena. Halafu siku moja nikiwa nakunywa uji simu ikalia, ni yeye, ameandika: kwa hivyo mimi ni mama yako kabisa? Si wewe uko na kama miaka hamsini?

Nikamjibu niko hivi juu yeye hakunilea vizuri. "You did not bring me up well."

Akatuma vile vichwa vya kucheka hadi machozi. Nikaweka simu chini. Nikatoka nje nikapumua.

Tangu hapo amekuwa akipiga Jumapili mchana. Ananiita "son". Nikiongea Kizungu cha Mwalimu Njeru, kile cha "I am in good health", ananiambia niwache, hakuna mtu anaongea hivyo. Ananipa maneno yake. "Hang on", ngoja kidogo. "Chill out", tulia. Mimi nampa ya Kimeru, anaivunja vibaya, tunacheka. Halafu napeleka simu jikoni. Mama anashika na mikono yote miwili, anaileta karibu mpaka huko wanaona pua tu. Anasema, "Karimi." Na huko anajibiwa, "Karimi." Wanaangaliana. Hiyo ndio salamu yao yote, na inachukua muda, na mimi huwa nasimama kando nikishika mlango kama askari.

Lakini swali sikuwa nimeuliza. Nitasema ukweli. Kila Jumapili nilijipanga, nikafika hapo, nikauliza kama kuna baridi. Niliogopa kumpoteza. Huyo msichana ndiye kitu imebaki ya dadangu. Nikimgusa vibaya tena, atakata simu, na safari hii sina "look up to" nyingine ya kumrudisha.

Na mama amekuwa akiisha. Hajasema ni mgonjwa, lakini anakula kama ndege. Wiki hii aliniambia akiwa ameangalia moto, "Sitaki kuenda kumkuta Kinya huko kabla sijajua." Sasa mtu unaambiwa hivyo na unafanya nini.

Kwa hivyo leo nikauliza.

Swali nililisema kwanza kwa magunia, kama mtu anafanya mazoezi ya kuoa. Karimi akapiga. Tukasalimiana. Nikamwambia, "Mother, I have a question from Shosho. It is heavy." Shosho ni nyanya yake, yaani mama. Akasema sema. Nikasema, "When your mum passed away, who was there with her?"

Nikasikia saa ya ukutani ya kwao.

Halafu akaanza kuongea, pole pole, hakuniangalia, aliangalia mahali kando. Na mimi nilielewa. Hiyo ndio kitu nataka kuandika hapa. Nilielewa kila kitu.

Alisema mama yake alimwomba usiku huo, "stay up with me." Kaa macho na mimi. Alisema alikaa, kwa kiti kando ya kitanda. Alikuwa amekaa macho siku mingi, hakuna mtu wa kumsaidia, babake alikuwa ameachana na Kinya zamani na alikuwa mbali. Akasema, "I nodded off." Hiyo najua, nilijifunza kwa shemasi wetu, kila Jumapili kichwa chake kinaitika mahubiri kumbe ni usingizi. Akasema, "And when I woke up, she'd slipped away."

"Slipped away" sikuwa nimefundishwa. Lakini mtu wa Kibirichia anajua kuteleza. Matope ya huku hayakuambii. Mguu uko, halafu hauko.

Akasema hajawahi kuambia mtu. Hata babake. "I've bottled it up." Na hiyo pia sikuhitaji Mwalimu. Niliona chupa. Nikaona msichana amekaa na kifuniko ameshikilia na kidole, mwaka na zaidi.

Mnajua, mtu akisoma anafikiria siku ataelewa atafurahi. Nimebeba haya maneno mgongoni, nimeyatuma mpaka Runyenjes yakarudi na matusi. Leo yote yamekuja mara moja kwa mdomo wa mtoto analia, na hakuna hata moja ilinipita. Ningetamani moja inipite.

Halafu akapanguza macho, akasema kitu ya mwisho. Akasema nisimwambie Shosho hivyo. "Just make something up."

Tunga tu kitu.

Akaniambia anaenda kazini, anafanya kwa hoteli Jumapili jioni, akakata.

Sasa mimi. Kutunga ni kazi yangu, wacha tusidanganyane. Nimeuzia watu waru ya juzi nikisema imetoka shambani alfajiri na umande ungali juu. Mimi nikitunga hata mwenye shamba anaamini. Na hii ilikuwa rahisi: Karimi alikuwa hapo, amemshika mama yake mkono, wakaimba wimbo, Kinya akatabasamu, akaenda. Wimbo nikachagua kabisa, ule mama anapenda. Kutoka stoo hadi jikoni nilikuwa nimemaliza, hata mahali pa kukohoa nilikuwa nimeweka.

Mama alikuwa anatoa minji, njegere hizi, kwa maganda, sufuria kati ya miguu. Nikakaa kwa kigoda.

"Umeongea na yeye?"

"Nimeongea."

"Anakula?"

"Anakula, mama. Ameenda kazini."

Akatoa minji nyingine. Nikafungua mdomo nianze hadithi yangu. Lakini hakuuliza ile swali yake ya kila siku. Aliuliza ingine.

"Wakati baba yako alikuwa amelala mgonjwa hapo ndani, tulikuwa tunapokezana. Mimi, Kinya, wewe, mke wa jirani. Huyo mtoto, nani alikuwa anampokea?"

Hakuna. Ndio nilisema. "Hakuna mtu, mama."

Na hapo hadithi yangu ikaisha. Sijui iliendea wapi. Nilikuwa nimetunga kila kitu isipokuwa mtu wa kumpokea huyo mtoto.

Nikamwambia yote. Vile Kinya aliomba akae macho naye. Vile alikaa. Vile usingizi ulimshika. Vile aliamka akapata mama yake ameenda. Nilisema nikiangalia chini, kwa Kimeru, na kwa Kimeru ni nzito zaidi, hakuna mahali pa kujificha. Nikamwambia pia kwamba mtoto alisema nimdanganye.

Minji zilikuwa mkononi mwa mama, hazianguki kwa sufuria.

"Alilala wapi?"

"Kwa kiti. Kando ya kitanda."

"Mwenda. Karimi ni nani?"

"Ni mtoto wa Kinya."

"Karimi ni nani?"

Nikaelewa. "Ni wewe, mama."

"Basi ni mimi nililala."

Alisema hivyo kama mtu anasema mvua imeisha. Halafu akaanza kuongea, na mama si mtu wa kuongea. Akasema Kinya akiwa mdogo alikuwa na shida ya kifua. Yeye mama alikuwa akikaa kwa kiti kando yake, na kila mara, haijalishi ameapa aje, usingizi ulikuwa unamshinda, juu alikuwa ametoka kulima. Na akiamka anapata Kinya yuko macho, anamwangalia, anamcheka. Anamwambia, "Mama, unakoroma kama mashine ya kusaga posho." Mtoto mgonjwa, kifua kinapiga filimbi, na hana woga hata kidogo. Anaangalia mama yake amelala.

"Mtoto akiona mama yake amelala kando yake," akasema, "anajua hakuna kitu mbaya. Kungekuwa na kitu mbaya mama angekuwa macho."

Akasukuma kuni ndani, akaendelea.

"Kwa hivyo hakuwa peke yake. Alikuwa na mimi."

Na hapo ndipo alilia. Kile kilio tulingoja siku ile ya mazishi kwa simu na hakikuja, kimekuja leo, shuka ya begani imeanguka, minji zimemwagika mpaka kwa majivu. Sikumnyamazisha. Nilisogeza tu sufuria, nikakaa karibu. Mimi pia sitaki kusema sana vile nilikuwa. Moshi ilikuwa mingi huko jikoni.

Alipomaliza akajifuta, akanigeukia kama ananituma dukani.

"Mpigie. Mwambie sasa hivi. Asilale tena na hiyo kitu."

Nimepiga. Simu imezimwa, ako kazini. Atakuwa free kesho wakati wa chai ya saa nne. Mama ameuliza mara kadhaa kama saa nne imefika, na ni Jumapili jioni.

Sasa nimekaa hapa na kazi ngumu kushinda yote. Kuelewa nilielewa. Lakini kurudisha? Nimejaribu. Nimeandika kwa gunia, nikafuta, nikaandika. Imefika hapa:

"Shosho says it was her who nodded off. Here, you are her. So your mum was with her own mother, and she was not scared. You didn't let her down. Now put it down and sleep."

Yaani ni shosho alilala, na huku wewe ni yeye, kwa hivyo mama yako alikuwa na mama yake mwenyewe na hakuogopa. "Let down" ni kumwangusha mtu alikuwa amekutegemea. "Put it down" ni kutua mzigo tu, hiyo haina kofia, nimeiacha vile iko.

Shida ni hii. Mara ya kwanza nilimwambia wewe ni mama yangu, kwa roho safi, nikamuumiza. Kesho naenda kumwambia tena ile ile, wewe ni shosho wako, kwa msichana ameficha kidonda mwaka mzima. Mwalimu Njeru ningemuuliza, lakini yeye atanyoosha Kizungu mpaka kitoke damu. Nataka mtu wa kusikia, si wa kusahihisha.

Kwa hivyo tufanye mpango, mimi na wewe unasoma.

Wewe uko na Kizungu, wengine mko huko huko majuu. Soma hayo maneno yangu pole pole, kama wewe ndio ulilala kwa hicho kiti. Ukipata mahali yanachoma, niandikie hapa chini kabla ya saa nne kesho. Usinionee huruma.

Na mimi nitakulipa hivi. Kama uko na mama ama shosho huku, iwe Muthara, iwe Runyenjes, iwe kule chini kwenye joto la Mbeere, na kuna kitu hujawahi kumwambia juu lugha imekataa ama roho imekataa, nitumie. Niko na pikipiki na siogopi matope. Nitakaa naye chini, nimalize chai yake, nimwambie vile ulisema. Sitapunguza na sitaongeza. Na chenye atajibu, hata kama ni kunyamaza na kuangalia moto, nitakuletea hivyo hivyo.